Majalada ya Zambarau na Kwaya ya Manyatta

Mlioajiriwa juzi kutunza nyaraka za serikali, poleni. Nasikia mliahidiwa kazi tulivu. Hata mimi niliahidiwa hivyo. Nilitoka chuo kikuu na shahada ya fasihi, nikiwa na nia ya kuandika riwaya nene, nikaishia katika masijala ya ofisi moja ya serikali mjini Embu ambayo sitaitaja, kwa sababu karatasi za pensheni yangu bado zinapitia huko. Riwaya haikuandikwa. Nilichoandika kwa miaka thelathini na mmoja ni namba kwenye pembe za karatasi za watu wengine.

Nimestaafu nikiwa na miaka sitini. Huwa nasema mimi ni mtu wa makamo. Mume wangu, ambaye ni mkweli kupita kiasi, anasema ni kweli, ikiwa nina mpango wa kuishi hadi mia moja na ishirini.

Ninataka kuwaeleza kosa langu kubwa. Madogo mtayafanya wenyewe bila msaada wangu.

Lakini huwezi kulielewa kosa bila kumjua mtu aliyekuwa amekuonya. Mtu huyo aliitwa Mzee Njagi, karani mkuu wa masijala, mwenye sweta moja ya kijivu na kalamu moja nyekundu. Juma langu la kwanza alinipa faili ya shule fulani akaniambia nikae nayo. Nilirudi baada ya saa moja nikiwa na muhtasari mzuri na maoni machache kuhusu mtindo wa mwandishi wa barua.

"Kuna kurasa ngapi?" akaniuliza.

"Kama hamsini hivi, Mzee."

"Kama hamsini ni bei ya miraa kwenu Kianjai. Mimi nauliza kurasa."

Nikarudi kuhesabu. Zilikuwa hamsini na mbili. Nikampelekea jibu kwa fahari. Akatoa karatasi moja kwenye droo yake, akaiweka mezani: ndiyo iliyotimiza hamsini na tatu. Alikuwa ameichomoa nilipokwenda kunywa chai, naye alikuwa ameacha pengo katikati ya namba ili aone kama nitaliona.

"Ninyi watu wa digrii," akasema, "mnasoma sana."

Mzee Njagi alinifundisha kazi yote kwa siku tatu, kisha akatumia miaka tisa kuirudia. Kila karatasi inayoingia kwenye faili hupewa namba nyekundu kwenye pembe ya juu, kulia. Upande wa ndani wa jalada, yaani ile kadibodi ya nje, unaandika orodha: ukurasa fulani ni barua gani, ukurasa fulani ni muhtasari wa mkutano gani. Chini ya orodha kuna jedwali la safari za faili: imetoka lini, imeenda kwa nani, imeondoka na kurasa ngapi, imerudi na ngapi.

"Karatasi za ndani zinakuambia serikali ilisema nini," alisema Njagi. "Jalada linakuambia nani aliogopa."

Nilicheka kwa adabu. Nilidhani ni maneno ya wazee.

Sasa, kuhusu wanasiasa. Kila baada ya uchaguzi masijala hupata wageni. Wako wanaotaka kuiona faili ya adui, na wako wanaotaka faili yao isionekane. Wa kuogopa zaidi ni yule asiyetaka chochote. Amekuja kusalimu tu, anaegemea kabati, anauliza habari za watoto, macho yake yakisoma migongo ya faili kama mtu anayechagua kuku sokoni.

Namkumbuka mmoja mwenye kofia ya chama. Mgombea wake alikuwa ametangaza kwamba ndiye aliyeanzisha zahanati fulani, lakini faili ilionyesha kuwa barua ya kwanza iliandikwa na mpinzani wake.

"Mzee Njagi, si mrekebishe tu hiyo tarehe?"

"Tunarekebisha," Njagi akajibu, bila hata kuinua kichwa. "Andika barua ya kuomba, weka jina, weka sahihi. Nitaiweka kwenye faili karibu na hiyo tarehe."

Mtu yule alikumbuka ghafla kwamba ana mazishi mahali. Miaka mitano baadaye alirudi na kofia nyingine, akiomba tarehe irekebishwe kwa manufaa ya yule mpinzani. Njagi akampa jibu lilelile. Na ninyi lishikeni hilo. Usimkatalie mwanasiasa, maana ukimkatalia utahamishwa. Mwambie, "Niandikie." Hakuna dawa ya kupe ninayoijua inayofanya kazi haraka hivyo.

Mzee Njagi alistaafu, akarudi kwenye kahawa yake, na baada ya miaka michache tukamzika. Mimi nikakaa kwenye kiti chake. Kalamu nyekundu nilinunua nzuri kuliko yake.

Kisha ikaja zambarau.

Chama kilichoshinda uchaguzi kilikuwa na rangi ya zambarau, na kilituletea mkurugenzi mpya, Bwana Ireri, kijana ambaye kazi yake ya awali ilikuwa kupiga kelele kwa kipaza sauti juu ya pikapu. Juma la pili aliingia masijala, akasimama katikati, akayatazama makabati yetu.

"Madam Kawira," akasema, "hizi faili zinafanana na serikali iliyopita."

Nimewaza majibu mengi mazuri tangu siku hiyo. Lile la kwamba zinafanana na kadibodi ndilo ninalolipenda zaidi. Lakini nilichosema ni, "Ni kweli, Bosi."

Ikaamuliwa kwamba majalada yote yabadilishwe yawe ya zambarau. Nami, mtu wa fasihi, nikaandika ripoti ya kurasa nne kuhusu ni zambarau ipi isiyoonyesha vumbi. Nilisifiwa mkutanoni. Nilirudi nyumbani nikamsimulia mume wangu jinsi nilivyosifiwa, akaniuliza, "Kwa sababu ya rangi?" Nikanuna hadi chakula cha jioni.

Nitajitetea kidogo. Majalada ya zamani yalikuwa yamechakaa, mengine yamefungwa kwa kamba ya katani. Tulikuwa tumeomba mapya kwa miaka mingi. Yalipokuja, sikuuliza yamekuja kwa nini. Hivyo ndivyo siasa inavyoingia masijala, wanangu. Haivunji dirisha. Inakuletea kitu ulichokuwa unakihitaji.

Tulihamisha karatasi kwa majuma matatu. Kila jalada jipya lilihitaji mstari wa kwanza kwenye jedwali, na mstari huo niliuandika mimi, kwa mkono wangu: "Imehamishwa. Kurasa zote zipo." Kisha sahihi. Je, nilihesabu? Ndiyo, faili kumi na moja za kwanza. Baada ya hapo nilikuwa natia sahihi kama mchezaji wa mpira aliyezungukwa na mashabiki.

Orodha za ndani hatukuzinakili. Majedwali ya safari hatukuyanakili. Bwana Ireri alisema tunaanza ukurasa mpya, na sote tukaona ni maneno mazuri.

Yakabaki majalada ya zamani. Agizo lilikuwa yachomwe. Nilijua kabisa kwamba jalada ni sehemu ya faili na halichomwi, lakini si hilo lililonisumbua. Kilichonisumbua ni kuona kadibodi nzuri ikiteketea. Wakati huo nilikuwa naimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa letu kule Manyatta, na karatasi zetu za nyimbo tulikuwa tunazibeba kwenye mifuko ya unga.

"Bosi, ninaweza kuyapeleka kanisani?"

"Yachome au yapeleke mbinguni," akasema. "Mimi siyataki hapa."

Magunia mawili yakaenda Manyatta. Wanakwaya walibandika karatasi za maua juu yake, ndani na nje, kwa gundi ya uji wa unga wa ngano. Pasaka ile tulisimama mbele ya kanisa tukipendeza, na Mwalimu Nyaga, kiongozi wetu wa kwaya, alinishukuru hadharani. Sifa mara mbili kwa kosa moja. Sijawahi kuwa na mwaka mzuri kama huo kazini.

Mwaka uliofuata alikuja Mama Ciambaka.

Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na kitu kutoka Gachoka, mwembamba, amevaa kitambaa cha kichwa kilichofungwa kama mtu anayekwenda vitani. Alikaa mbele ya meza yangu, akatoa barua kwenye kifuko cha nailoni.

"Madam, hii barua ni yako?"

Ilikuwa yangu. Aliniandikia miezi mitano kabla akiomba muhtasari wa mkutano uliotoa uwanja wa josho, mahali ambapo kijiji chote huosha ng'ombe dhidi ya kupe. Nami nilimjibu kwamba faili imekaguliwa, kurasa zote zipo, na hakuna kumbukumbu ya mkutano wa aina hiyo. Niliijibu kwa kusoma mstari wangu mwenyewe kwenye jalada la zambarau. Faili sikuifungua.

"Mheshimiwa wetu wa Gachoka amezungusha senyenge kwa josho," akasema. "Anasema ni shamba ya baba yake. Tukaenda kwa chifu. Chifu akasoma hii barua yako, akasema basi, hakuna mkutano. Lakini mimi nilikuwa kwa huo mkutano. Nilikuwa nimebeba mtoto mgongoni. Baba yake alisimama akasema natoa, na yeye mwenyewe, huyo mheshimiwa, akiwa kijana, akaandika jina. Sasa niambie, nilikuwa naota na mtoto mgongoni?"

Nikaileta faili. Nikahesabu, safari hii kwa kidole. Ishirini na tisa. Thelathini. Thelathini na tatu.

Mama Ciambaka hakuwa anaangalia karatasi. Alikuwa ananiangalia mimi.

"Imepotea?" akauliza.

"Mbili hazipo, Mama."

"Na uliandika zote ziko."

Mzozo ulikuwa usikilizwe na kamati ya ardhi baada ya majuma matatu. Nikaenda kwa Bwana Ireri. Alinisikiliza akitabasamu, kwa sababu mheshimiwa mwenyewe, ambaye katika serikali iliyopita alivaa kofia ya serikali iliyopita, alikuwa amehamia zambarau miezi miwili kabla ya uchaguzi. Aliingia chamani na viatu vyake, na sasa alikuwa anakaa sebuleni.

"Karani wa zamani aliruka namba," Ireri akasema. "Makosa hutokea. Na wewe umethibitisha kwa sahihi kwamba kurasa zote zipo. Ama unataka kuniambia uliandika uongo, Madam?"

Ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya. Jalada la zamani ndilo lililojua ni nani aliichukua ile faili, na iliondoka na kurasa ngapi. Mimi nililivua kama koti, nikaweka jipya lisilojua kitu, kisha nikaliapia. Na lile la zamani nilikuwa nimelipeleka kuimba.

Jumamosi alasiri nilifika kwenye mazoezi ya kwaya mapema, nikasimama mbele yao.

"Ndugu zangu, ninaomba majalada yote."

"Madam, leo ni zamu ya nyimbo za mavuno," Mwalimu Nyaga akasema.

"Mwalimu, nitayarudisha. Isipokuwa moja."

"Ni lipi?"

"Sijui. Mmelibandika maua."

Wakacheka. Kisha wakaona sicheki, wakayaleta. Tuliwasha jiko nyuma ya kanisa, tukaweka birika. Kumbukeni jambo hili: karatasi iliyobandikwa kwa gundi ya uji haikwanguliwi kwa kisu. Unaishikilia juu ya mvuke, inalegea yenyewe kama mtu aliyebembelezwa. Tulifungua thelathini na nane. Namba ya faili ya josho ilitokea chini ya mawaridi ya Wanjira, mwimba sauti ya kwanza, aliyekuwa amelishika jalada lake kifuani muda wote.

"Hili nilibandika kwa siku mbili," akalalamika. "Si mchukue la Mwalimu?"

"La Mwalimu halina josho, Wanjira."

Upande wa ndani ulikuwa na ukungu kidogo, lakini wino mwekundu wa Njagi ulisomeka. Ukurasa wa 31: muhtasari wa mkutano wa kutoa uwanja wa josho. Wa 32: majina na sahihi za waliohudhuria. Chini, kwenye jedwali: faili imetoka na kurasa arobaini na sita, imeenda ofisi ya mheshimiwa, imechukuliwa na msaidizi wake, jina na sahihi. Imerudi na arobaini na nne. Kando yake Njagi alikuwa ameandika: "31 na 32 hazipo. Nimeuliza. Nimeambiwa niache. Sijaacha."

Nilisoma mistari ile juu ya birika, mvuke ukinipanda usoni, na sitawaambia kama yote yaliyokuwa usoni yalikuwa mvuke.

Siri haikai kwenye kwaya. Jumatatu asubuhi kijana wa chama pinzani alikuwa ofisini kwangu, kofia mpya, simu mkononi.

"Mama, umefanya kazi ya ukombozi! Tupatie hilo jalada tulionyeshe jukwaani. Ama nipige picha moja tu."

Sitawadanganya, nilitamani. Niliona umati, nikaona jina langu likishangiliwa. Mnakumbuka udhaifu wangu kuhusu kusifiwa. Lakini nilijua kwamba jalada likipanda jukwaani mara moja litaitwa la kughushi, na kuanzia siku hiyo litakuwa kofia tu kama kofia nyingine.

"Niandikie," nikasema.

"Niandike nini?"

"Kwamba chama chenu kinaomba jalada la serikali kwa ajili ya mkutano wa hadhara. Weka sahihi."

Akanitazama kama mtu aliyenunua maziwa akakuta ni maji. "Mama, kwani wewe uko upande gani?"

"Masijala."

Alasiri Bwana Ireri akaniita. Hakutabasamu safari hii. "Hilo jalada liliagizwa lichomwe. Kwa hivyo halipo. Nenda ukahakikishe halipo."

"Sawa, Bosi. Niandikie hivyo hivyo."

Hakuandika. Mmoja alitaka lichomwe, mwingine alitaka lipigiwe makofi. Walichokubaliana wote wawili ni kwamba lisisomwe. Siku hiyohiyo nililipeleka kwa katibu wa kamati ya ardhi, nikapewa risiti yenye muhuri.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Watu wa Gachoka walikaa upande mmoja, watu wa zambarau upande mwingine, na yule kijana wa kofia alikuwa nyuma na simu yake. Nikaapa. Wakili wa mheshimiwa alisimama taratibu, kama mtu anayejua atakula vizuri.

"Madam Kawira, hii ni sahihi yako? 'Kurasa zote zipo'?"

"Ni yangu."

"Ulihesabu?"

"Sikuhesabu."

Kikapita kicheko. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja wa miwani, akagonga meza.

"Na barua hii kwamba hakuna mkutano. Uliifungua faili?"

"Sikuifungua."

"Kwa hivyo wewe ni mtu wa kuandika usichokijua. Na leo tunaombwa tuamini jalada lililotoka kwako. Kwa mwaka mzima, jalada hili la serikali lilikuwa wapi?"

"Kwenye kwaya."

"Kwaya?"

"Ya kanisa letu, Manyatta. Sauti ya kwanza."

Ukumbi uliangua kicheko. Hata mheshimiwa alicheka, na nadhani hilo lilikuwa kosa lake, kwa sababu mwenyekiti hakucheka. Alisubiri kimya kirudi, akalisogeza jalada karibu na miwani yake, akamwita yule msaidizi aliyetajwa kwenye jedwali. Alikuwa ameketi mstari wa pili. Akaulizwa kama sahihi ni yake. Aliitazama. Kisha akamtazama mheshimiwa, ambaye alikuwa anatazama dari.

"Inafanana na yangu," akasema.

Kamati iliamua kwamba uwanja wa josho ni wa umma na senyenge iondolewe. Bwana Ireri alihamishiwa ofisi kubwa zaidi, kama wanavyohamishwa watu wa aina yake. Mimi, kabla hajaondoka, nilipewa barua ya onyo kwa kutoa mali ya serikali nje ya masijala. Lilikuwa onyo la haki, ingawa lilitiwa sahihi na mtu aliyeniambia niipeleke mbinguni.

Ninyi sasa mnaskani karatasi ziingie kwenye kompyuta, na ni jambo jema. Lakini juzi nilipita huko kuulizia karatasi zangu, nikaona wenzenu wanaskani kurasa za ndani tu, kisha wanatupa majalada kwenye boksi. Nikauliza kwa nini. Wakaniambia jalada halina habari. Nilirudi nyumbani nikakosa hamu ya kula.

Nimalizie na Mama Ciambaka. Alikuja kuchukua nakala yake ya uamuzi. Nami nilikuwa nimevaa vizuri, maana nilitarajia shukrani, na nilikuwa nimetayarisha jinsi ya kuikataa kwa unyenyekevu.

"Josho limefunguliwa, Mama?" nikamuuliza.

"Limefunguliwa. Watu wanaosha."

"Na ng'ombe wako wanaendeleaje?"

"Zangu mbili zilikufa. Homa ya kupe. Ile miezi tulikuwa tumefungiwa, baada ya barua yako." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja njia aliyopitia. "Moja ilikuwa na mimba."

Nikasema pole. Akaitikia kwa kichwa, akachukua nakala yake, akalowesha kidole kwa ulimi, akaanza kuhesabu kurasa moja baada ya nyingine, polepole, huku foleni nyuma yake ikisubiri. Zilikuwa saba. Alipomaliza hakuzitia kwenye kifuko. Alizisukuma juu ya meza hadi mbele yangu.

"Na wewe," akasema.

Nikahesabu.